Paka Hafi

Hamsini kwa mtoto, mia kwa aliyeota ndevu,
na mwenye kuleta petroli ya jenereta aliingia bure.
Ukumbi wa Oketcho, mkabala na lango la kambi ya Rubongi:
mabati, magunia ya kahawa madirishani,
harufu ya miguu iliyotoka kuchunga mbuzi.
Filamu za ngumi zilikuwa za wakubwa, jioni.
Sisi, Jumamosi asubuhi, tulipewa katuni,
zile kuukuu, zisizo na rangi,
kanda imechakaa hata mvua ilinyesha ndani ya nyumba ya paka.

Wandera alikaa pembeni na kipaza sauti
akifasiri hata pale ambapo hakuna aliyesema.
Paka akidondoka toka ghorofani:
"Mama watoto, teleka chai, narudi!"
Nyundo ikimshukia utosini:
"Kodi hiyo, bwana, lipa!"
Mbwa aliwahi kupewa sauti ya afisa wa ugavi,
kiti kikalalamika kama shangazi yetu wa Malaba.
Tulicheka mpaka benchi likakatika mguu,
tukacheka na benchi.

Kisha siku moja ikaja ile ya kisiwa.
Chungu kikubwa, moto, mzungu ndani na kofia yake,
na wanaomzunguka wakicheza
weusi kama lami, midomo kama maandazi,
mfupa puani.
Tulianza kucheka, maana tulikuwa tumezoea kucheka.
Nyafwono, miaka saba, akauliza kwa sauti:
"Wale ni kina nani?"

Wandera akavuta pumzi.
Kipaza sauti kikakoroma.
Tukasikia jenereta nje, tukasikia kuku wa Oketcho.
Mtu aliyevipa viti maneno
alikosa neno.
"Hawa," akasema mwishowe, "hawa
lugha yao siijui."

Mahali fulani, nchi ya mbali, mtu na penseli yake
alichora midomo yetu kabla hatujazaliwa,
akapuliza vumbi la kifutio,
akaenda kula chakula cha mchana.

Na kaka yangu Obbo.
Alirudi kutoka kaskazini mwezi wa mahindi mabichi,
mguu wa kushoto ameuacha
kwenye kijia cha kisima, upande wa Kitgum.
Mama alikuwa bado anapanga viatu viwili mlangoni.
Nilimpeleka ukumbini ili acheke.
Oketcho akakataa pesa yake,
akampa kiti chenye mgongo.

Paka akaketi juu ya pipa la baruti, akawasha kiberiti
aone kilichoandikwa.
Mshindo. Wingu.
Paka mweusi kama sufuria ya shule,
akapepesa macho mara mbili,
na picha iliyofuata manyoya safi, mkia wima,
anakwenda zake.
Ukumbi ukapasuka kwa vicheko.
Wandera: "Paka hafi, jamani! Paka hafi!"

"Rudisha nyuma," Obbo akasema.
Oketcho akarudisha.
Moshi ukajikunja ukaingia pipani,
paka akatoka motoni kinyumenyume, mzima,
kiberiti kikazimika kwa kuwashwa.
"Tena."
Aliinama mbele, mkono juu ya goti lisilo na kitu chini yake,
kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu
na jina lake halionekani.
"Tena."
Hakuna mtoto aliyedai zamu yake.
Wandera alikwisha kuweka kipaza sauti mapajani.
Sikuhesabu mara ngapi.

Alikuja Jumamosi zote hadi mvua za Novemba.
Hatukupata kumwona akicheka,
ila siku hizo alikula.

Kanda ile Oketcho alikuwa nayo miaka mingi baadaye.
Pale pa mlipuko palilika kwa kurudishwarudishwa,
pakabaki chenga tupu.
Watoto wapya walidhani ndivyo ilivyotengenezwa:
paka anaketi,
chenga,
paka anatembea.